Jina la Baba au Jina la Bwana: Njia Nne za Kumsaka Babu wa Karne ya 19

Kaa kwenye hitima yoyote ya pwani usikilize wanaporehemu. Mzee anaanza na marehemu wa mwaka jana, anapanda kwa baba yake, kwa babu yake, kwa baba wa babu, kisha sauti inalegea: "na wote waliotutangulia." Hapo ndipo kamba ilipokatikia. Katika nyumba nilizokaa kuuliza, anayetajwa mwisho kwa jina mara nyingi ni mtu aliyezaliwa kati ya miaka ya 1850 na 1880. Kwake yeye, wewe wa leo ni kilembwe au kinying'inya. Yeye kwako ni jina moja, pengine na la pili baada ya "bin".

Wanaotaka kuvuka pale huniuliza swali lile lile: niende kwa wazee, niende nyaraka, nitafute vitabu vya kanisa, au nipeleke mate maabara yakapimwe vinasaba? Nasema mapema nilikofikia. Hizi si njia nne za kwenda mahali pamoja. Wazee watakuambia alikuwa mtu wa nani. Karatasi zitakuambia alimiliki nini, alimilikiwa na nani, nani alimrithi. Kitabu cha ubatizo, kikiwapo, kitakuambia alikotokea. Mate yatakuambia damu. Na jina la ukoo, ambalo ndilo kila mtu huanza nalo, linaweza kukupoteza kabla hujatoka mlangoni.

Watu watatu wa kupimia

Njia hupimwa kwa watu ambao habari zao tunazijua tayari. Nachukua watatu, wote waliopita Unguja karne ile.

Wa kwanza ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi, mfanyabiashara ya pembe na watumwa anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Jina lake ni ngazi: kila "bin" ni kipandio, na juu kabisa kuna nisba, yaani jina la kabila au la asili, inayokupeleka Oman. Wengi wetu tunatamani babu wa namna hii, maana anasomeka.

Wa pili ni Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ya wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke kuanzia 1857, na baadaye Stanley na Cameron. Alizaliwa Uyao. Alimsimulia Speke jinsi wafanyabiashara wenye bunduki na panga walivyokizunguka kijiji chao wakidai madeni yao, akatekwa akiwa bado mtoto, akauzwa Kilwa, akaishia India. Sasa litazame jina lake. "Sidi" ndivyo Waafrika walivyoitwa India. "Mubarak" ni jina la heri la Kiislamu, mojawapo ya yale waliyopewa watumwa wengi. "Bombay" ni mji. Majina matatu, na hakuna hata moja ambalo mama yake angelitambua.

Wa tatu ni Chuma, naye Myao, aliyekuwa pamoja na mwenzake Susi katika msafara uliouleta mwili wa mpelelezi Livingstone pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Alitolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861 kule nyanda za juu za Shire, akapelekwa Bombay kusoma, akabatizwa, akaitwa James. Huyu alipita mikononi mwa wamisionari, na wamisionari waliandika kila kitu, hata vilivyokuwa haviwahusu.

Babu yako ni wa aina gani kati ya hawa? Hujui bado, na ndiyo maana jina peke yake lisikupe haraka ya kujibu.

Nisba, na kwa nini haithibitishi damu

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokosea.

Pwani, jina la mwisho lenye "al" au "el" linatafsiriwa moja kwa moja: Barwani, Harthi, Mazrui, Riyami, basi ni Oman. Majina yaanzayo na "Ba", kama Bakathir, Bawazir au Bajaber, yanapelekwa Hadhramaut. Kama ni dalili, sawa. Kama ni ushahidi wa nani alimzaa nani, hapana. Zipo sababu tatu za kulitilia shaka.

Kwanza, walaa. Katika sheria ya Kiislamu mtumwa akiachwa huru, uhusiano wake na aliyemwacha huru haukatiki. Unabaki kuwa kama wa ukoo, kiasi kwamba huru huyo akifa bila mrithi wa damu, bwana wake wa zamani au wanawe wanaweza kumrithi. Kwa hiyo huru na wanawe wangeweza kujulikana kwa nisba ya nyumba ile. Vizazi vitatu baadaye hakuna anayekumbuka nisba iliingia kwa mlango upi. Watu wawili wenye nisba moja wanaweza kuwa mjukuu wa mwenye shamba la karafuu na mjukuu wa aliyezichuma.

Pili, masuria, yaani wajakazi waliozaa na mabwana wao. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru, alirithi, na alibeba nasaba ya baba kamili kama wenzake. Watoto wa Sultani Seyyid Said waliobaki hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Mmoja wao, Salama bint Said, aliyekwenda Ujerumani akajiita Emily Ruete, mama yake alikuwa Msirkasi. Nisba ilimfunika mama mzima na nchi yake. Kama babu yako ana nasaba ndefu iliyonyooka upande wa baba na hakuna anayejua mama yake aliitwaje, usishangae.

Tatu, watu walijichagulia. Kati ya sensa ya Zanzibar ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilianguka vibaya, na waliojiita Washirazi na makabila mengine ya visiwani wakaongezeka. Hawakufa wala hawakuhama. Neno "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na watu wakalivua kama kanzu iliyochafuka. Siwalaumu. Ila anayetafuta babu wa 1870 kwa kutumia jina lililoandikwa 1931 ajue anasoma uamuzi wa mjukuu.

Madhehebu nayo hutumiwa kama kipimo: Muomani ni Ibadhi, huyu ni Shafii, basi si Muomani. Kipimo hiki nacho ni kibovu. Wamazrui wengi wa Mombasa walihamia Ushafii karne ile ile ya 19, na hakuna aliyewavua Umazrui wao.

Bara mambo ni mengine, na kwa maoni yangu ni mepesi zaidi. Mnyakyusa mwenye jina la "Mwa", tuseme Mwaipopo, amebeba jina la mzee aliyeishi kweli. Msambaa wa "She" vivyo hivyo anakuonyesha mlango wake. Massawe, Mushi au Lyimo ni ukoo wa Kichaga, na ukoo una mahali: tafuta kihamba, shamba la ukoo, maana makaburi yamo humo humo mgombani. Kwa Wasukuma na wengine wengi, kinachoitwa leo jina la ukoo ni jina la kawaida la babu au baba lililogandishwa siku mtoto alipoandikishwa shule. Wahindi wa Unguja wana yao pia: tajiri Tharia Topan, aliyefariki 1891, "Topan" yake ni jina la baba yake tu. Na kwa Wagiriama, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, kwa hiyo majina yanazunguka: Kazungu Katana Kazungu Katana. Ukikuta Katana kwenye karatasi ya mwaka 1895, hesabu vizuri ni Katana yupi.

Wazee na karatasi

Watu hudhani wazee wana kumbukumbu mbaya na karatasi ni za kweli. Mimi naona kila upande una uongo wake. Mzee husahau tarehe, hasahau kesi ya shamba. Karani alijua tarehe, lakini aliandika jina alilolisikia vibaya kutoka kwa mkalimani aliyekuwa na haraka ya kula.

Kwa gharama, wazee hawana mshindani: nauli, kilo mbili za sukari, na mchana mmoja wa kukaa kitako. Hasara ni kwamba wanaondoka, na kwamba kuna maneno hawayasemi. Usiulize "sisi ni kabila gani?" Utajibiwa jibu la sensa. Uliza alizikwa wapi na kwa nini pale. Nani alimwozesha mke. Alipokufa, shamba lilikwenda kwa nani. Uliza shangazi na bibi kabla ya mababu, kwa sababu wanaume wanakariri nasaba na wanawake wanakumbuka nani alimlea nani. Bara, omba kuhudhuria tambiko, maana mpangilio wa majina yanayoitwa pale una sababu yake.

Kisha sikiliza neno moja: mzalia. Ni mtumwa aliyezaliwa pwani, katika nyumba ya bwana wake, tofauti na mgeni aliyetoka bara karibuni, ambaye waliita mjinga. Mzee akilegea akasema "yule alikuwa mzalia wa nyumba ya fulani", usikunje uso wala usibadilishe mazungumzo. Amekupa ufunguo. Nyaraka za karne ya 19 hazikupangwa kwa jina la babu yako. Zimepangwa kwa jina la fulani.

Sasa nenda nyaraka, na si kabla. Kwa Unguja na Pemba ni Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zenye barua za Kiarabu za zama za masultani, mafaili ya ubalozi mdogo wa Uingereza, mirathi na wasia. Kwa Tanganyika ni Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, zilizo na mafaili ya Wajerumani. Kwa pwani ya Kenya ni Nairobi. Cha kutafuta kinategemea mwaka. Rigby, balozi wa Uingereza Unguja, aliwaandikia uhuru maelfu ya watumwa wa Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza karibu mwaka 1860. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya Aprili 1897 iliufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa ilimpasa aende mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana akaomba fidia. Kwa sababu fedha ilihusika, yaliandikwa majina ya pande zote mbili. Mombasa na pwani ya Kenya walisubiri hadi 1907, Tanganyika hadi 1922. Babu aliyekuwa Pangani mwaka 1900 usimtafute kwenye fidia za Unguja.

Ubaya wa nyaraka ni muda na maandishi. Kiarabu cha mkono, Kijerumani cha mkono wa zamani ambacho hata Wajerumani wa leo wanahangaika nacho. Majina nayo yanabadilika sura: Mwingereza anaandika Murjebi, Mjerumani Murdjebi, Mwarabu anaandika bila irabu. Nenda na orodha ya namna zote unazoweza kufikiria, ukikumbuka kwamba Mjerumani huandika "sch" kwa sh, "j" kwa y na "dsch" au "dj" kwa j yetu. Tarehe za Hijria usizibadilishe kwa kujumlisha miaka 600 kichwani. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na mwaka 1300 ulianza Novemba 1882.

Kuunganisha wazee na karatasi kuna hila moja inayofanya kazi kuliko zote: matukio. Bibi hajui 1872, lakini amesikia mwaka wa kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja. Kuna kipindupindu cha 1869 na 1870, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, sotoka iliyomaliza ng'ombe bara miaka ya 1890, na mizinga ya Agosti 27, 1896 iliyobomoa jumba la Sultani kwa chini ya saa moja. "Alikuja akiwa kijana wa kuvua kofia, kimbunga kikamkuta Mkokotoni" ni tarehe ya kuzaliwa, ukikaa nayo.

Vitabu vya misheni

Hii ndiyo njia nyembamba kuliko zote, na ndiyo tajiri kuliko zote kwa wachache inaowahusu. Kama ukoo wako una uhusiano wowote na Mbweni au Kiungani kule Unguja, Masasi ya walioachwa huru waliokwenda 1876, misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo iliyoanza 1868, Mhonda iliyotokana nayo 1877, au Freretown ya Mombasa ya 1875, pale ambapo jina la Kengeleni bado linakumbusha kengele yao, basi acha mengine yote uende kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa kwanza.

Sababu ni hii. Mahakama iliuliza bwana wako nani. Padre aliuliza umetoka wapi. Utakuta jina jipya, umri wa kukadiria, jina la msimamizi wa ubatizo, na ukibahatika, kabila na jina la zamani. Vile vya Kikatoliki viko kwa Kilatini, ila ni Kilatini cha fomula, mistari ile ile inarudiwa, ukisoma kumi umesoma vyote. Wengi hawajui kwamba wamo humo, kwa sababu jina la kizungu linawapoteza. William Jones wa Rabai, mchungaji wa Kianglikana, alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kusomeshwa India. Mtu anayeanza na "Jones" angetafuta hadi Wales.

Kama familia ni ya Kiislamu tangu inapokumbukwa, njia hii iruke bila majuto.

Mate

Kipimo cha vinasaba ndicho ghali zaidi kwa mfuko wa mtu wa huku, na ndicho kinachotangazwa kwa sauti kubwa kuliko kinavyostahili kwa kazi hii. Hesabu ni fupi. Ukiwa kilembwe, babu huyo ni mmoja kati ya 16, na kwa wastani umebeba asilimia 6 na kidogo ya vinasaba vyake. Ukiwa kinying'inya, asilimia 3. Ile chati ya rangi rangi inayokuambia asilimia za mabara inamhusu babu yako kidogo sana. Pia kampuni hizi zinalinganisha na wateja wao, ambao wengi ni wa Marekani na Ulaya. Mmakonde wa Newala atapata ndugu wa mbali wachache au asipate. Mzanzibari mwenye ndugu waliotawanyika Toronto na London baada ya 1964 ana nafasi nzuri zaidi.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mate pekee yanaweza kuyajibu. Moja ni mstari wa mama, mama wa mama wa mama, ambao nisba iliufuta. Kipimo hicho hakitakuambia Mmanyema au Mmwera, ila kitakuambia Afrika, Uhindi au Kaukazi, na kwa mjukuu wa suria hilo si dogo. La pili ni mstari wa baba kwa baba. Chukua wanaume wawili wa nisba moja, pima. Wakilingana kwa karibu, wana babu mmoja. Wasipolingana, mmojawapo aliipata nisba kwa mlango mwingine, na hapo unaweza kuvunja nyumba. Kubalianeni kabla, si baada.

Pwani yenyewe imeshapimwa. Utafiti uliotolewa Machi 2023 katika jarida la Nature ulichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Ulikuta mstari wa kina mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na wa kina baba wengi ukitoka Asia, kwanza Uajemi kuanzia karibu mwaka 1000, kisha Uarabuni. Wale wa "Shirazi ni hadithi tu" na wale wa "sisi ni Waajemi watupu" wote waliondoka na nusu ya hoja.

Angalia pia unampa nani mate yako. Kampuni kubwa ya 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, na wateja wakabaki kuuliza data zao zitauzwa kwa nani. Karatasi ya Kilimani haina tatizo hilo.

Ningekuwa wewe

Una nisba na ngazi ya "bin" nne au tano? Usianze na Oman. Anza na mirathi ya yule wa chini kabisa aliyekufa Unguja au Mombasa, uone nani alirithi na kwa sababu ipi. Nasaba za vitabuni zilizohifadhiwa na ndugu wa Muscat ziombe baadaye, ulinganishe.

Una jina moja tu, la Feruzi, Mabruki, Almasi, Uledi au Songoro, na "bin Abdallah" nyuma yake? "Abdallah" huyo usimtafute, huenda hakuwepo. Ni jina walilopewa wengi ambao baba zao hawakujulikana pwani. Tafuta nyumba, yaani jina la bwana, kwa wazee, kisha fidia na mahakama. Ukikwama hapo ndipo ununue kipimo cha mstari wa mama au wa baba, kutegemea swali lako.

Una jina la mtakatifu wa kizungu kama jina la ukoo, na kwenu ni Morogoro, Masasi au Kisauni? Kitabu cha ubatizo, siku hiyo hiyo.

Kwenu ni Ujiji, Bujumbura au Kasongo na mnaitwa Wamanyema au waungwana? Neno hilo la pili ndilo lililowapa Kingwana cha Kongo jina lake, na karne ile lilimaanisha zaidi "mtu wa msafara" kuliko nasaba yoyote. Hapa wazee wanashinda karatasi kwa mbali. Uliza msafara wa nani, na walipiga kambi wapi kabla ya kufika.

Na kama una siku moja tu ya Kilimani, ulizia utaratibu wa kibali kabla hujapanda boti, fika mlango unapofunguliwa, na usimwambie mhudumu "natafuta babu yangu." Mpe jina la mwenye shamba, mtaa, na mwaka wa kimbunga.